Kobayi wanakuja Jumamosi

Wamama wenzangu, Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, nyumbani kwetu watafika kobayi wawili. Wote ni majike, wana umri wa miezi miwili hivi, na wanatoka kwa mama mzazi wa mwalimu mwenzangu kule Kabare. Kwetu ni mara ya kwanza kabisa kufuga.

Najua wengi wenu mliokulia Kabare, Walungu au Kalehe mtacheka. Kobayi naye ni wa kuandaliwa? Kijijini wanakimbia chini ya vitanda na kandokando ya mafiga, wanakula maganda, na siku ikifika wanaingia chunguni. Lakini mimi nimekulia hapa Bukavu, katika nyumba za mbao zilizobanana juu ya kilima, na nina sababu yangu ya kutaka kujiandaa. Nawaandikia kwa kuwa wamama wawili wa kikundi chetu wameniambia nao wanafikiria kuanza. Labda yale tuliyopanga yatawafaa.

Sababu yangu ni mtoto. Tangu mwezi wa kwanza tunaishi na binti wa marehemu dada yangu, mwenye miaka minane. Ni mtoto mpole kupita kiasi. Anaosha sahani bila kuambiwa, anakunja blanketi, hagombanii kitu na wanangu wawili. Watu wakija wanamsifu: mtoto gani huyu asiyesumbua! Mimi mwalimu, nimezoea watoto hamsini na zaidi katika darasa moja, na ninajua kwamba mtoto asiyesumbua kamwe ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mtoto anayejiona yuko kwake huomba, hukataa, hulia kidogo. Huyu alikaa kwetu kama mgeni anayeogopa kufukuzwa.

Ombi lake la kwanza lilikuja mwezi wa tano. Nilipokuwa nasogeza mfuko wa maharagi, tulikuta vitoto vinne vya panya, vyekundu, bado havina manyoya. Mwanangu wa kiume akakimbilia fagio. Yule binti akachukua kopo tupu la maziwa, akaweka kipande cha kitambaa, akaniambia: "Mama mdogo, naomba hawa niwalee."

Nilimkatalia, na nikamweleza kwa nini. Panya wa nyumba si wa kufugwa. Mkojo wake unaacha magonjwa kwenye unga na maharagi, na viroboto vyake ndivyo vinavyobeba tauni, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Ituri wanaujua vizuri. Tena kitoto cha panya kisicho na manyoya, kikitengwa na mama yake, hakiwezi kuishi kwa maziwa ya kopo. Alinisikiliza, hakulia. Lakini nilimwahidi kwamba tutatafuta mnyama mwingine mdogo anayeweza kukaa na watu. Ahadi kwa mtoto ni deni. Kuanzia siku ile nikaanza kuuliza-uliza juu ya kobayi.

Jirani mmoja aliponisikia alisema: "Mwalimu, unakimbiza panya mlangoni halafu unamwingiza mwingine dirishani?" Ni kweli kobayi ni wa jamaa moja na panya, na meno yake ya mbele hayaachi kukua. Lakini tabia zao ni tofauti. Kobayi hapandi ukutani, haruki juu, haibi akibani ya unga usiku, na anakula majani. Wafaransa wanamwita nguruwe wa India, naye si nguruwe wala hatoki India. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, upande wa Peru na Bolivia, ambako wenyeji walimfuga maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Ndiyo sababu baridi ya wastani ya milima yetu ya Kivu inamfaa kuliko joto kali. Na bei yake haifikii bei ya kuku.

Kabla ya kutafuta mbao na misumari, tulikaa kikao cha familia. Sasa naona kwamba kikao hicho ndicho kilikuwa sehemu kubwa ya maandalizi. Shida ilianzia kwenye lugha. Katika Kiswahili chetu cha hapa, "nyama" ni yule anayetembea na "nyama" ni kile kilicho kwenye sahani. Neno ni moja. Mtu mzima hasumbuki, anajua lini ni huyu na lini ni kile. Mtoto aliyempa mnyama jina na kumlisha kwa mkono wake miezi sita, siku akiona mchuzi mezani, atajuaje kwamba hatukumdanganya?

Baba watoto alisema waziwazi: "Nyama ni nyama. Mkitaka wa kuchezea tu, nunueni mdoli." Sikumlaumu. Mshahara wa mwalimu na kibarua cha fundi vinajulikana, na siku nyingi kitoweo chetu ni sambaza za kuhesabu. Kwake yeye kobayi ni protini ya watoto, na ana haki. Mwanangu wa kiume alisema wauzwe wote. Mdogo alisema wasiliwe kamwe. Yule binti alinyamaza. Nikamwuliza mara mbili, ndipo akasema kwa sauti ndogo: "Mkila mtakula. Ila sitaki nirudi kutoka shule niambiwe wamesafiri."

Hapo wote tulinyamaza. Mama yake alipofariki, watu wazima waliokuwa karibu naye walimwambia mama amesafiri. Walitaka kumlinda. Alingoja barabarani majuma kadhaa, mpaka mtoto wa jirani akamweleza ukweli wakigombana kwenye bomba la maji. Kwake neno "kusafiri" limebeba kifo na limebeba pia uongo. Baba watoto aliinamisha kichwa, kisha akasema: "Basi, katika nyumba hii hakuna atakayesafiri bila wewe kujua."

Tukaandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari, nayo imebandikwa ukutani. La kwanza: hawa majike wawili wa mwanzo ni wake. Atawapa majina, hawatauzwa wala kuliwa, na wakifa kwa uzee au ugonjwa tutawazika nyuma ya nyumba pamoja naye. Kobayi akitunzwa anaweza kuishi miaka mitano na zaidi, kwa hiyo hii si ahadi ya mwezi mmoja. La pili: watoto watakaozaliwa hawatapewa majina. Hao ni wa familia: watauzwa, watabadilishwa, au wataliwa siku kubwa. La tatu: hakuna atakayeondolewa watoto wakiwa shuleni. Yule binti ataambiwa siku moja kabla, na kama hataki kuona, ataenda kwa jirani kwa hiari yake. La nne: mgeni akipewa zawadi ya kobayi, itatoka kwa hao wadogo tu, hata awe mgeni mkubwa namna gani. Mnajua wakwe walivyo. Nimeliandika hilo mapema.

Wamama, mtu anaweza kusema haya ni mambo ya Wazungu. Sioni hivyo. Bibi zetu walijua kila mbuzi ni wa nani: huyu ni wa mahari, huyu ni wa mtoto fulani, huyu haguswi. Mtoto aliyepewa kuku alijua ni wake hata kama kuku analala na wengine. Sisi tumeandika tu kile ambacho wao walikishika kichwani.

Baada ya maneno ndipo tukashika kazi ya mikono. Fundi wa mbao wa avenyu yetu ametutengenezea sanduku la mbao chakavu, lenye urefu wa mita moja na nusu, upana wa sentimita 80, na kuta za sentimita 50. Kobayi haruki ukuta huo. Juu tumeweka kifuniko cha waya wa kuku, si kwa ajili ya kobayi kutoka, ni kwa ajili ya paka na panya kutoingia. Panya mkubwa anaweza kuua vitoto vya kobayi usiku mmoja. Sanduku limeinuliwa juu ya matofali ili unyevu wa sakafu usipande. Ndani tutatandika maranda makavu kutoka kwa huyo fundi, na tumeweka kasha dogo la karatasi lenye mlango, kwa maana kobayi ni mwoga na anahitaji pa kujificha.

Wengi humweka jikoni kwa ajili ya joto. Jiko letu ni dogo na moshi wa makala unatutoa machozi sisi wenyewe, na kobayi ni mwepesi wa kuugua mapafu. Tumelipeleka sanduku kwenye baraza ya nyuma, chini ya paa, mahali ambapo upepo hauvumi moja kwa moja wala jua la saa saba halifiki.

Juu ya chakula, nimejifunza jambo ambalo nitalitumia darasani pia. Ng'ombe, mbuzi na paka hutengeneza vitamini C ndani ya miili yao. Mwanadamu hawezi, na kobayi hawezi. Katika hili yeye ni ndugu yetu: asipokula mabichi kila siku anadhoofika, viungo vinavimba, fizi zinatoka damu. Kwa hiyo pumba na maganda makavu peke yake havimtoshi. Kobayi mkubwa anaweza kula kwa siku majani mabichi karibu theluthi ya uzito wake. Tutampa nyasi, matembele, lengalenga, maganda ya ndizi, na kipande cha pera au papai likipatikana. Majani yaliyolowa mvua au umande tutayaanika kwanza kivulini, maana yanamvimbisha tumbo. Maji safi yatakuwa kwenye bakuli zito la udongo asiloweza kulipindua.

Viko pia vya kukataza, na watoto wamevikariri kama shairi: majani ya avoka, majani ya viazi vya kizungu na majani ya tomati. Hivyo ni sumu kwake. Sombe mbichi tumeiacha pia. Sisi wenyewe hatuili bila kuitwanga na kuipika sana. Na mama mwenye dawa nyumbani asikilize hili: kobayi akiugua, usimpe amoksisilini wala penisilini iliyobaki ya mtoto. Dawa hizo zinaua vijidudu vizuri vya tumboni mwake, na yeye mwenyewe anakufa. Afadhali kumwuliza mganga wa mifugo.

Kwa upande wa watoto wetu, sheria ni chache. Kunawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumshika. Kobayi halali kitandani na hapandi mezani. Anayeonekana amenyonyoka manyoya kwa madoa ya mviringo atatengwa, maana choa inaweza kuhama kutoka kwake kwenda kwenye ngozi ya mtoto. Tutamshika kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, tukiwa tumeketi chini, kwa sababu akianguka kutoka juu anavunjika. Na mabaki ya chakula yatafagiliwa kila jioni, tusije tukawaita tena wale panya wa mfuko wa maharagi.

Kwa nini wawili, na kwa nini majike? Kobayi hapendi upweke. Akiwa peke yake anasinyaa. Na tukianza na dume na jike leo, jike ataanza kubeba mimba kabla sisi hatujajua hata namna ya kumlisha. Baba watoto alinitania: "Bila dume, mama, hatufugi nyama, tunafuga maua." Nikamjibu kwamba dume atakuja mwezi wa kumi, wakati hawa watakuwa na miezi minne hivi na mwili wa kutosha. Kuchelewa sana pia ni hatari. Jike asiyezaa mara ya kwanza kabla ya miezi saba hivi, mifupa ya nyonga yake hukaza, na uzazi wa kwanza baada ya hapo unaweza kumuua. Mimba yake ni siku 68 hivi. Mkipiga hesabu mtaona ni kama Noeli. Mara nyingi huzaa wawili au watatu, nao wanazaliwa na manyoya, macho wazi, na baada ya siku chache wanaonja majani. Yule binti aliposikia hivyo alifurahi: "Kumbe hawa si kama wale wekundu."

Madume wadogo itabidi watengwe wakifika majuma matatu, kwani wanaweza kupanda mama yao na dada zao mapema sana kuliko tunavyodhani. Damu ikirudiarudia katika nyumba moja, watoto wanazaliwa wadogo na dhaifu, na uzao unafifia. Ndiyo maana dume wetu asitoke Kabare kwa mama yule yule.

Tutawachukua asubuhi na mapema, kabla ya jua. Nitatazama mambo matano kabla ya kulipa: macho yanayong'aa, pua isiyotoka maji, manyoya yasiyo na mapengo, makalio makavu, na pumzi isiyo na mlio. Watasafiri ndani ya kikapu chenye majani na kifuniko kinachopitisha hewa, na kitakuwa mapajani mwa mwenyewe. Niliposema "watasafiri" alinitazama, kisha akacheka. Safari hii tunaenda pamoja na tunarudi pamoja.

Kazi nimezigawa kama zamu za darasani. Katika nyumba nyingi, mnyama analetwa kwa furaha ya watoto wote, na baada ya mwezi mmoja kazi inabaki mgongoni mwa msichana mmoja, au mgongoni mwa mama. Kwenye ratiba yetu mvulana anakata nyasi Jumatatu na Alhamisi, na Jumamosi ni zamu yake kufagia sanduku. Baba watoto amepewa kazi moja: kukagua kifuniko cha waya kila usiku kabla ya kulala. Amekubali. Mbolea itaenda kwenye lengalenga zetu za nyuma ya nyumba, katika magunia.

Juu ya pesa, sitaki kuwadanganya kwamba kobayi wawili watalipa kodi ya nyumba. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini kila mama anajua kwamba daftari, kalamu, viatu na sare havijawa bure. Tumepatana kwamba wa kwanza watakaouzwa watanunua daftari za watoto watatu, kwa usawa. Wa pili watanunua kitu atakachochagua yule binti. Nilimwuliza atachagua nini. Alifikiri muda mrefu, akasema anataka kufuli ya kisanduku chake cha nguo. Nikafurahi ndani ya moyo. Mtu anayetaka kufuli ameanza kuona kwamba ana vitu vyake, na kwamba anabaki.

Juma hili ameanza pia kusumbua. Juzi alimgombeza kaka yake kwa sababu aliegemea sanduku. Jana alikataa kuosha sahani akisema ni zamu ya mwingine, na alionyesha ratiba kwa kidole. Nilizigeuza sahani zile kwa yule mwingine bila kusema neno.

Majina bado hajayataja. Anasema atawaona kwanza.

Ombi langu kwa kikundi ni mawili. Mama mwenye matembele yanayomzidi shambani, tubadilishane kwa mbolea. Na mama mwenye dume mzuri asiyetoka Kabare, mtulivu, mwenye afya, ambaye anaweza kutukopesha mwezi wa kumi, aniambie baada ya mkutano wa Jumapili. Malipo ni kitoto kimoja cha uzao wa kwanza, na yule binti ameshakubali.